Kutoka Isebania hadi Rusinga, na Kitabu cha Biashara Mkobani

Isebania ni mji wa pesa mbili. Upande huu watu wanahesabu kwa shilingi ya Kenya. Ukivuka kizuizi ukaingia Sirare, wanahesabu kwa shilingi ya Tanzania, na katikati wamesimama vijana wenye vitita vya noti mkononi, wanaokutajia bei ya kubadilisha kabla hujauliza. Malori yamepanga foleni kando ya barabara kuu ya A1. Akina mama wamebeba vitunguu, mchele na ndizi, na boda boda hazitulii. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaruhusiwa kutumia utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: bidhaa zake zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, anajaza fomu fupi palepale mpakani na hatozwi ushuru wa forodha.

Katika kitabu cha Biashara cha kidato cha nne, kile nilichokuwa nacho mkobani, mada ya biashara ya kimataifa imewekwa karibu na mwisho, jirani na mfumuko wa bei na mipango ya maendeleo. Mwanafunzi wa Isebania anayepita kwenye foleni ile ya malori kila asubuhi akiwa na sare yake huisubiri mada hiyo miaka minne. Akiifikia, hukariri faida na hasara za biashara kati ya nchi na nchi, hujibu swali la mtihani, na huenda akapata alama zote bila kuulizwa hata mara moja mama yake hujaza fomu gani akivusha mchele.

Safari yangu ilianzia hapo kwa makusudi. Nilitaka kulifuata somo la Biashara kutoka mpaka wa Tanzania, kupitia mji wa Migori, Awendo na Rongo, hadi Homa Bay na kisiwa cha Rusinga, nione kaunti hizi mbili, Migori na Homa Bay, zinawafundisha nini watoto wao kuhusu kutafuta riziki, na ni nini zisichowadai wakifanye.

Historia ya somo hili ina ahadi kubwa ndani yake. Kenya ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kufuatia ripoti ya mwaka 1981 ya tume iliyoongozwa na Colin Mackay, neno lililorudiwa kila mahali lilikuwa kujitegemea: kijana amalize shule akiwa na kazi mikononi. Wazazi walichangishwa kujenga karakana. Ng'ambo ya mpaka, Mwalimu Nyerere alikuwa ameshatangulia kulisema kwa nguvu katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, uliotaka kila shule iwe na shamba au karakana inayozalisha. Mtaala wa Kenya ulipopunguzwa uzito mwaka 2002, masomo ya biashara, uhasibu, uchumi na kazi za ofisini yaliunganishwa yakawa somo moja. Ndilo linalotahiniwa hadi leo katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa karatasi mbili. Ya kwanza ina maswali mafupi 25. Ya pili ina maswali sita marefu, na mtahiniwa huchagua matano.

Hakuna karatasi ya tatu. Hapo ndipo tatizo lilipo, na ndilo jambo nililoliona kila kituo cha safari hii. Mtahiniwa wa Kilimo katika shule hiyohiyo hupewa mradi na Baraza la Mitihani, akapanda, akapalilia, akaweka kumbukumbu, na mwalimu akaja kumkagua kwenye kitalu chake. Mtahiniwa wa Biashara hatakiwi kuuza hata kalamu moja.

Mji wa Migori unafundisha biashara kwa ukali wake. Katika maduka ya wanunuzi wa dhahabu, mizani midogo huwekwa juu ya kaunta na vijana huleta vipande vilivyofungwa katika karatasi, kutoka Osiri, Mikei na maeneo ya Macalder huko Nyatike, ambako kampuni za zama za ukoloni zilichimba dhahabu na shaba hadi miaka ya 1960. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuweka utaratibu wa vibali vyao, lakini mgodini kijana hulipwa leo, na shule humlipa baada ya miaka. Walimu wa Nyatike wanalijua jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu wao ndio wanaoita majina asubuhi na kukuta madawati matupu. Darasa haliwezi kushindana na dhahabu kwa kumtajia mvulana wa miaka kumi na sita sifa sita za mjasiriamali. Lingeweza kushindana kama lingekaa naye chini wakapiga hesabu ya mgodi: nani mwenye shimo, nani hulipia mashine ya kusaga mawe, mchimbaji hubaki na fungu gani, na zebaki anayoishika kwa mikono mitupu itamgharimu nini baadaye.

Tumbaku nayo ina hesabu zake. Kwa miongo kadhaa familia nyingi za Migori, zikiwemo za Kuria, zimelima kwa mkataba na kampuni. Mbegu, mbolea na dawa hutolewa kwa mkopo mwanzoni mwa msimu na kukatwa wakati wa mauzo, na anayepanga daraja la majani, kwa hiyo bei, ni mnunuzi. Kuni za kukaushia haziandikwi popote. Kazi ya watoto na ya mama mwenye nyumba haiandikwi popote. Mwaka 2022 serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo na Mpango wa Chakula Duniani walianza mradi hapahapa Migori wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kulima maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi, huku soko likiwa limetafutwa mapema. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaosoma namna ya kukokotoa thamani halisi ya biashara wangeweza kuchukua stakabadhi za baba zao za tumbaku na kuzilinganisha na gunia la maharagwe. Ni hesabu ya vipindi viwili tu. Sijui kazi ya nyumbani yenye uzito kuliko hiyo.

Kutoka Migori gari linapanda kuelekea Uriri na Awendo, na miwa inaanza kuifunika nchi pande zote mbili. Kiwanda cha sukari cha Sony kilianza kusaga miwa mwaka 1979, na mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30. Miwa huchukua takriban mwaka mmoja na nusu kukomaa. Mkulima husubiri muda wote huo, kisha husubiri tena malipo, na karo ya mtoto haisubiri. Ndiyo maana wahasibu wa shule za huku wanajua kalenda ya kiwanda vizuri kama wanavyojua kalenda ya muhula.

Katika shule moja ya sekondari maeneo hayo nilikuta kitu ambacho ningependa kukiona kila mahali. Mwalimu wa Biashara alikuwa amemwomba mwalimu mkuu daftari la kantini. Hakuomba kantini yenyewe, aliomba daftari tu. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wakilijaza kwa zamu: mandazi yaliyopokelewa alfajiri kutoka kwa mama wa kijijini, sabuni, kalamu, sodo, mikate. Walifungua leja ukutani kwa karatasi za manila, upande wa kushoto na wa kulia, na kila Ijumaa walipiga urari mbele ya darasa.

Mwezi wa kwanza daftari lilionyesha faida. Sanduku halikuwa na pesa za kumlipa mama wa mandazi.

Somo zima lilikuwa katika pengo hilo, na nilibahatika kukaa nyuma ya darasa siku walipolijadili. Msichana mmoja alisimama na kusema kwa uhakika kwamba pesa hazijapotea. Ziko kwa wanafunzi waliokopa, na kitabu kinasema wadaiwa ni mali ya biashara. "Si ni mali, Mwalimu?" aliuliza. Mwalimu hakumkatalia. Alimwomba aandike majina ya wadaiwa ubaoni, mmoja mmoja, na mbele ya kila jina aandike tarehe mtu huyo alipokopa. Orodha ilipofika katikati, darasa lilianza kunyamaza. Wawili walikuwa wamehama shule. Mmoja alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Wanne walikuwa mle mle darasani. "Sasa niambie," mwalimu akasema, "ni mali ya kiasi gani?" Msichana alifuta majina matatu, akaandika hasara, akaanza kujumlisha upya. Mvulana aliyekuwa zamu wiki ya pili akakiri kwamba mandazi yaliyobaki jioni walikuwa wakiyala bila kuandika, na hapo wakaifikia mada ya vitu ambavyo mwenye biashara huchukua kwa matumizi yake, mada ambayo kwa ratiba ya kitabu ilikuwa bado mbali.

Mama wa mandazi alilipwa Jumatatu iliyofuata, na mkopo ukapigwa marufuku kwa kura ya darasa. Mwalimu aliniambia kwamba kazi ile haimpi alama yoyote katika mtihani na humlia muda, kwa hiyo huwaomba radhi wazazi wanaouliza kwa nini yuko nyuma ya silabasi. Jambo hilo lilinihuzunisha. Mwalimu anayefundisha hivi hapaswi kumwomba mtu radhi.

Nyanza imewahi kuona mwalimu aliyetoka darasani akaanzisha biashara ya watu wengi. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa mwalimu Maseno kabla ya kuwashawishi Wajaluo waweke akiba pamoja, na mwaka 1947 Shirika la Akiba na Biashara la Wajaluo likaandikishwa rasmi. Alizunguka Afrika Mashariki akiwauzia hisa watu waliokuwa makazini mbali na kwao. Shirika lilijenga Ramogi House mjini Kisumu na kumiliki kiwanda cha uchapaji kwa wakati ambapo Mwafrika kuwa na mashine ya kuchapa magazeti lilikuwa jambo la kumshtua mkoloni. Hoja yake ilikuwa kwamba watu waliozoea kusimamia fedha zao wenyewe hawatakubali kutawaliwa muda mrefu. Habari hii wanafunzi wa Awendo huikuta katika Historia, chini ya siasa. Ingefaa sana wafungue nayo mada ya aina za kampuni.

Rongo nilipita upesi. Barabara inayokwenda Homa Bay inaachana na A1 hapo, inapita Rodi Kopany, na baadaye ziwa linatokea mbele na mlima Homa ubavuni. Homa Bay imekuwa na mwaka mkubwa hivi karibuni. Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za Madaraka ziliadhimishwa hapa kitaifa, na mada yake ilikuwa uchumi wa majini. Agosti mwaka huohuo, Kongamano la Ugatuzi lilifanyika katika viwanja vya Homa Bay High School. Magavana na mawaziri walizungumzia uwekezaji mahali ambapo kwa siku za kawaida vijana husoma ugavi na mahitaji.

Lakini ugavi na mahitaji husomwa vizuri zaidi ufukweni. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga, wavu ukawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga na taa hazina nguvu, hivyo mavuno hupungua na bei hupanda. Mwezi ukizama, omena hujaa na bei hushuka. Juu ya hayo kuna msimu wa kufunga uvuvi wa omena, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, ili samaki wazaane. Mchuuzi anayeanika omena kwenye nyavu zilizotandazwa chini lazima ajue mwezi uko siku ya ngapi, mvua itanyesha lini, na lori la kwenda Nairobi linaondoka saa ngapi. Mvua ikimkuta, shehena hugeuka chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Nilimkuta mama mmoja akipima omena kwa gorogoro, na bintiye wa kidato cha pili akiandika katika daftari la shule lililogeuzwa kichwa chini ili kurasa za nyuma zitumike kwa biashara. Safu ya kwanza ilikuwa tarehe. Ya pili, bei ya kununua kwenye boti. Ya tatu, gorogoro zilizouzwa. Ya nne ilikuwa na duara dogo lililochorwa kwa kalamu, wakati mwingine limejaa wino, wakati mwingine nusu. Nilipomuuliza alinijibu kama anayeeleza jambo lililo wazi: "Ni mwezi, mwalimu. Tunanunua nyingi ukiwa mweusi, tunakausha, tunauza ukiwa mweupe." Binti huyu alikuwa ameshajua kuhifadhi bidhaa kwa ajili ya bei ya kesho. Kitabu chake kina sura nzima kuhusu maghala, na ghala analolijua yeye ni chumba cha nyanya yake.

Ufuko una upande wake mchungu, na wazazi wanaosoma makala hii hawapaswi kufichwa. Kuna desturi iitwayo jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hulazimika kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili auziwe samaki. Homa Bay imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye maambukizi makubwa zaidi ya virusi vya UKIMWI nchini. Kitabu kinasema bei hupatikana pale mahitaji na ugavi vinapokutana. Msichana wa huku anahitaji kuambiwa pia kwamba asiye na mtaji hupangiwa masharti na mwenye boti, na kwamba vikundi vya wanawake vilivyochanga na kununua boti zao wenyewe vimepata nafuu ya kukataa. Mada ya vyanzo vya mtaji ikifundishwa hivyo, haitasahaulika.

Barabara ya Mbita inapita karibu na bonde la Lambwe na mbuga ya Ruma, na daraja linakuvusha hadi Rusinga. Tom Mboya amezikwa Kamasengre, katika kaburi lililojengwa kwa umbo la risasi. Wageni wengi humkumbuka kwa vyama vya wafanyakazi, kwa ndege zilizopeleka wanafunzi Marekani kuanzia mwaka 1959, na kwa namna alivyouawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi. Mimi nilikwenda na Waraka Namba 10 wa mwaka 1965 akilini, ule uliohusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya Kenya, ambao Mboya alikuwa mhimili wake.

Waraka ule ulisema kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye maeneo yenye rasilimali, ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme, kwa kuwa huko zitazaa zaidi, kisha matunda yasambazwe kwingine. Julai mwaka huohuo mchumi kijana aliujibu katika jarida la East Africa Journal, akihoji ugawaji wa mali na nani hasa angenufaika. Jina lake lilikuwa Barack Obama, mwenye asili ya Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Watu wawili wenye kwao katika kaunti ileile moja walibishana kuhusu hatima ya Kenya nzima, kwa hoja na takwimu, na swali lao bado linaonekana kwa macho: kwa nini ufuko unaolisha nchi samaki ulingoja lami na umeme kwa miongo mingi. Mada ya mwisho ya silabasi ya Biashara ni maendeleo ya uchumi na mipango. Mwanafunzi wa Mbita hukariri matatizo yanayokabili mipango ya maendeleo bila kujua kwamba mjadala huo ni wa babu zake.

Sasa kuna nafasi ambayo haikuwepo. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya 10, na Biashara imewekwa katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Tathmini inayofanywa shuleni ina uzito kuliko zamani, na kila mwanafunzi anatakiwa kushiriki mafunzo ya huduma kwa jamii. Majirani hawakungoja: Rwanda imelifanya somo la ujasiriamali kuwa la lazima sekondari tangu mwaka 2009, na Uganda ilianza mwaka 2020 mtaala wa sekondari ya chini ambao ndani yake wanafunzi hufanya miradi. Kenya yenyewe ilishalijaribu jambo hili katika Kilimo na ikaona linawezekana hata katika shule isiyo na maabara.

Hakuna haja ya kungoja mfadhili. Kila shule ya bweni kati ya Isebania na Mbita tayari ina biashara: kantini, shamba la miwa au mahindi, ng'ombe wa maziwa, basi linalokodishwa wikendi, mkataba wa kununua maharagwe na kuni. Biashara hizo zina stakabadhi, wadai, wadaiwa, faida na hasara, na wanafunzi ambao karo zao huziendesha hawajawahi kuona hata ukurasa mmoja. Ninawaomba wajumbe wa bodi za shule za Migori na Homa Bay, katika kikao chao kijacho, wapitishe azimio dogo kwamba daftari la kantini likabidhiwe darasa la Biashara. Ninaliomba Baraza la Mitihani limpe mwanafunzi alama kwa kazi hiyo. Kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027, na wao pia bado wana muhula wa kuanza.